Jiko la Mume Wangu Linaleta Usingizi Mtamu, Mbona Naliogopa?

Mpendwa Mshauri, nakuandikia roho ikiwa mkononi na naomba unijibu kabla hatujasafiri Ijumaa, maana nyumbani kwangu hakuna wa kunielewa, kila ninayemwambia ananicheka au ananinunia, na mimi mwenyewe nimeanza kujiuliza kama si kichwa changu ndicho kibovu.

Mume wangu ni fundi wa kushona maturubai na mahema, mtaa mzima wanamwita Turubai, na sifa yake kubwa ni mshono, akimaliza hema analimwagia maji huku amekaa ndani ili mteja aone halivuji hata tone, halafu anapuliza kwenye mshono na kusema, "Hapa hata hewa inabisha hodi." Sasa kuna chama cha watembea milimani wamemwambia kule juu baridi inawatesa, wanataka hema lenye jiko la kuni, jepesi la kubeba mgongoni, na mwenyekiti wao akilipenda atampa kazi ya mahema yao yote, basi tangu siku hiyo mume wangu hakai, amekata debe la mafuta ya kupikia, akalitia mlango kwa kifuniko cha kopo, miguu akaitengeneza kwa spoku za baiskeli ili lisiwe zito, bomba akalikunja kwa bati jembamba likatokea nje ya hema, na alipoona joto linatoroka na bomba akatia humo kifuniko kidogo ambacho anakifunga kuni zikishakuwa makaa na moshi ukaisha, halafu pindo za hema chini anazikandamiza kwa mablanketi, joto libaki humo humo. Mshauri, jiko ni zuri, sisemi uongo, unalinyanyua kwa vidole viwili.

Shida ni yanayotokea tukishaingia. Hema lipo uani tangu mvua zianze, na kila akijaribu jiko, wanaoingia wanalala. Mama mkwe miguu inamuuma, usingizi kwake ni wa kutafuta, lakini humo alilala mchana wote, akatoka anayumba kidogo na kusema, "Mwanangu, Mungu akubariki, sijalala hivi tangu nilipokuwa msichana," na wifi yangu akalibatiza jiko Yaya, eti linabembeleza. Mume wangu ndiyo kavimba kichwa kabisa, sasa anawaambia wateja hilo ni jiko la usingizi mtamu. Lakini mimi nikikaa humo kichwa kinanibana kama nimefungwa kamba, magoti yananilegea, moyo unanienda mbio, na nikitoka uani nikavuta hewa kidogo napata nafuu, na binti yetu mdogo alipolala humo tulimwamsha kwa shida, akaamka anatapika, wakasema ni chakula cha jana ingawa sote tulikula sufuria moja. Mara ya mwisho nilikaa karibu na mlango nikapenyeza mguu nje kwa siri, blanketi likainuka, wote wakalala isipokuwa mimi, na mume wangu alipozinduka akauona mguu akafoka, "Mke wangu, unatoa joto nje! Unataka kuniharibia kazi?" Tangu hapo hajasema nami vizuri, hata chai anajimiminia mwenyewe.

Ijumaa lori la chama linatupeleka kambini kule mlimani, mume wangu, mimi, mama mkwe na mtoto, tulale humo ili mwenyekiti aone familia nzima inavyostarehe. Nikisema siendi, wifi anasema nadeka. Nikisema jiko linanitisha, mume wangu anauliza kwa nini wote wanamsifu isipokuwa mkewe, nami najiuliza, moshi hauonekani, harufu hakuna, sasa naogopa nini? Ninachokuomba ni maneno tu, Mshauri, nimkatalie vipi safari hii bila kumvunja moyo? Nambari ya simu nimeiandika chini, ni ya nyumbani, tunaitumia wote.

Mke wa Turubai

*

Mwanangu, Mke wa Turubai,

Umeniomba maneno ya kumbembeleza mume. Hayo sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Nilipofika pale mtoto alipoamka akitapika niliiacha barua mezani nikashika simu, maana hii si barua ya kusubiri gazeti litoke. Yaliyofuata wewe unayajua sasa, lakini wasomaji wangu hawayajui, na wapo wengine wenye majiko kama lenu. Kwa hiyo nitayasema.

Wewe ulikuwa kazini. Aliyepokea ni mumeo. Ndiyo, siri yako nimeitoboa, unisamehe, na ikibidi nitaitoboa tena. Nikamweleza mimi ni nani, nikamuuliza, "Hilo jiko lako, kuni zikiwa makaa unafunga bomba?"

Akajibu kwa maringo, "Ndiyo, mama. Ufundi wenyewe uko hapo!"

"Sasa hivi nani yumo ndani ya hema?"

Akacheka. "Mama yangu. Si unaona mvua hii? Amelala fofofo."

Nikamwambia, "Tupa simu, kamtoe mama yako!"

Hakuuliza swali la pili, na kwa hilo nampongeza. Nilisikia mbio zake, nikasikia zipu, nikamsikia akiita, "Mama! Mama!" na kwa muda mrefu hakuna aliyemwitikia. Mimi huku nimeibana simu sikioni. Halafu nikasikia kikohozi, na sauti ya mtu mzima ikiuliza kwa hasira kwa nini amelazwa kwenye matope. Sijawahi kufurahia lawama kiasi hicho. Mumeo alipoishika tena simu nikamwamuru ampeleke mama yake na mtoto hospitali, saa hiyo hiyo. Mama mkwe aliwekewa oksijeni na amerudi nyumbani. Mtoto amepimwa, ni mzima. Kushukuru tushukuru, lakini tusijidanganye, mngepanda lile lori pasingekuwa na wa kupokea simu.

Sasa nisikilize, na umsomee mumeo kwa sauti. Ule haukuwa usingizi mtamu. Makaa yakikosa hewa ya kutosha yanatoa gesi ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inaingia kwenye damu, kichwa kinauma, magoti yanalegea, mtu anatapika, analala, na akizidi kuivuta haamki tena. Moshi kuisha si usalama. Bomba ndiyo njia ya kuitoa hiyo sumu, yeye akaifunga, kisha akaziba pindo chini. Mumeo si mjinga. Ni fundi ambaye maisha yake yote amesifiwa kwa kuziba, na safari hii amewaziba watu pumzi.

Nawe nakuonea huruma, ila lazima nikugombeze. Mtoto anatapika, wewe unakatika magoti, halafu unapenyeza mguu kwa siri kama mwizi kwenye nyumba yako mwenyewe! Ulipaswa kulifungua hema lote, wakasirike wote, wakukasirikie na majirani. Na huyo wifi yako mwambie kutoka kwangu kwamba kudeka ni kitu kingine kabisa.

Ijumaa hema liende kwa mwenyekiti, jiko libaki nyumbani. Mumeo aende amweleze ukweli wote kwa mdomo wake, na kila mteja aliyemwahidi usingizi mtamu amfuate akamwambie amekosea. Kazi ikipotea, ipotee. Kile kifuniko cha bomba king'olewe leo. Akitaka kuendelea na majiko, kwanza ashone hema lenye matundu ya hewa, juu na chini, yasiyoweza kuzibwa, bomba liwe wazi wakati wote, na kazi yake ikaguliwe na watu wa zimamoto kabla mteja hajaiona. Hata ikikaguliwa, moto uzimwe na jiko litolewe nje kabla mtu yeyote hajajinyoosha kulala. Baridi ya mlimani tunaivalia nguo nzito.

Atanuna, najua. Mwache anune, kununa kunaisha. Na wewe, siku nyingine mwili wako ukikwambia toka, beba mtoto utoke, usianze kutafuta maneno mazuri. Radhi utaomba ukiwa nje, unapumua.