Bomba la Ubavuni

Jumapili, 3 Agosti 2025

Injini imewaka! Imewaka bila bomba, moto ukatoka ubavuni, vumbi lote la dari likanishukia kichwani. Kibokoni nzima imejua. Jamaldin, jirani wa nyumba ya pembeni, alipiga kelele kutoka barazani kwake: yakhe Quresh, hilo ni gari au ndiyo kiama? Nikamjibu gari. Akasema basi afadhali kiama, kina mwenyewe anayekijua.

Hana adabu. Anashinda pale barazani na kikombe cha kahawa, kazi yake kutazama kazi za watu.

Kilichobaki ni ekzosi tu, bomba la moshi. Gari lote limekuja kwenye maboksi, kila kipande na nambari yake, unaunga mwenyewe kwa kufuata kitabu. Bodi ya faiba, fremu, viti viwili, paa hakuna. Injini nimetoa kwenye Corolla iliyopinduka Mariakani. Sasa mtu wa husuda aweza kusema, Quresh, wewe umekaza nati tu. Lakini bomba la kwenye boksi nimelitupa! Linapita chini ya tumbo la gari, lingekwaruza kizingiti cha hii stoo. Langu litatoka ubavuni, upande wa kushoto, chini ya mlango, linang'aa. Hilo halina nambari. Hilo ni langu.

Nilipokuwa Maskati nilimtengenezea tajiri mmoja bomba kama hilo. Siku alipoliwasha, ngamia wa mtaa wa pili walipiga magoti wote. Hii si chumvi.

Badruddin amekuja baada ya chakula cha mchana. Ni mume wa dada'angu, nyumba yake, stoo yake. Shehena yake ya vyoo na sinki inafika Jumamosi, anataka stoo iwe tupu. Gari lisipotoka, atawaita watu wa vyuma chakavu wa Kibarani walikatekate. Alisema kwa upole. Badruddin akifoka si kitu. Akisema kwa upole, jua imekwisha.

Na Zahida naye. Mke wangu yuko Tudor kwa kaka yake tangu Ramadhani. Alisema tangu nimuoe sijamaliza kitu hata kimoja. Siku nitakayokwenda kumchukua na hilo dude, likitembea lenyewe, atarudi. Neno lake hilo.

Basi ni Jumamosi. Litatoka, tena kwa sauti.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepima kichochoro kwa kamba kuanzia stoo mpaka barabarani. Ukuta kwa ukuta, nimesimama wima, kamba kifuani. Gari na bomba lake linapita, nafasi ya kiganja inabaki. Jamaldin alikataa kuinuka. Pima juu yangu, alisema, mimi si ukuta. Nikapitisha kamba juu ya kofia yake. Inapita!

Hewa ya humu ndani inachosha. Dirisha hakuna. Kitanda changu na gari vinagombania nafasi, nikitaka kupita naingia kwa ubavu.

Jumanne, 5 Agosti

Msala, balaa tupu.

Kukunja bomba kwa mkono kuna elimu yake. Unajaza mchanga ndani, unaziba ncha mbili kwa vipande vya mbao, unapasha moto mpaka chuma kiwe chekundu, halafu unakunja polepole. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee. Lakini uwe mkavu! Ukiwa na unyevu bomba linalipuka. Na mchanga huu wa ujenzi umelowa.

Basi nimetafuta chombo kipana cha kuukaushia jikoni. Dada alikuwa sokoni. Nimeona sinia.

Sinia lenyewe ndilo lile tunalolizunguka sote wakati wa kula. Nililiosha wallahi, tena kwa sabuni. Lakini mchana kwenye wali Badruddin ametafuna kitu, kraak. Akatoa punje mdomoni, akaitazama kwenye mwanga. Akauliza kwa upole, Quresh, huu ni mchanga wa wapi? Dada akaweka mkono usoni. Alefiya, binti yao, akacheka mpaka akapaliwa.

Nimekula kwenye bakuli, stoo, peke yangu. Hata Maskati sikupata kula peke yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Kona zimekubali! Hazikubonyea hata kidogo. Mumo alishika ncha moja, mimi nyingine. Mumo ni mchomeleaji wa meli huko bandarini, rafiki yangu, Mkamba. Nimeungua kidole gumba, kalamu inaniuma. Basi.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumechomelea flenji ya kulifungia bomba kwenye injini, tumeunga sailensa ya kupunguza kelele, tumeweka vishikio. Mumo alisema mzee, mbona usilifupishe tu litokee nyuma ya gurudumu la mbele, sailensa ukaiondoa, kazi imekwisha? Nikamwambia fupi ni la trekta. Akasema trekta hufika. Hana haya huyu, kwao hata baiskeli ni ya kanisa.

Nimelisugua kwa msasa tangu asubuhi. Naona uso wangu ndani yake, mrefu kama wa farasi.

Alefiya amekuja na salamu kutoka Tudor. Mjomba, shangazi Zahida anauliza, hii Jumamosi ni ya kweli au ni ya Maskati? Nilitaka kukasirika. Nikasema mwambie saa nne awe amevaa viatu. Akauliza mjomba, nimwambie hivyo hivyo? Hivyo hivyo.

Nikishasema kitu, nimekisema. Ndiyo shida.

Ijumaa, 8 Agosti

Bomba limefungwa. Bomba limefungwa! Sauti nzito, ya kiume. Mzee mmoja alikuwa akipita kwenda kuswali, akasimama. Breki ya mkono bado, waya wake ni mfupi. Mambo madogo hayo.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya gari. Kichochoroni. Injini nimezima.

Nianze mwanzo. Milango ya stoo ilifunguliwa yote. Nikawasha, madirisha yakatetema, kina mama wakatoa vichwa roshani. Badruddin mwenyewe alitabasamu! Kizingiti nimekivuka bila kukigusa. Nikapungia watu mkono. Mumo alikuwa mbele yangu akirudi kinyumenyume, njoo, njoo, kulia kidogo. Nikamwambia hiki kichochoro nakijua hata nikifumba macho.

Kufika kwa Jamaldin, kwaaak!

Nilidhani nimemgonga. Ni bomba, limeingia kwenye kona ya baraza yake. Kuta ziko sawasawa na kamba yangu, hilo aje mtu apime! Lakini baraza imetokeza huku chini, usawa wa magoti, na bomba langu linapita usawa wa magoti. Siku ile kamba ilipita juu ya kofia yake. Baraza sikuiona. Nani huiona baraza? Baraza watu huikalia tu.

Mbele haliendi. Nyuma haliendi, kishikio kimenasa kwenye jiwe. Kulia ukuta, mlango haufunguki. Kushoto Jamaldin. Hajainuka. Amekaa karibu hivi kwamba ameweka kikombe chake cha kahawa kwenye kiti cha Zahida.

Ruka utoke, yakhe, paa huna. Hivyo ndivyo alivyosema. Nikamjibu siwezi, breki ya mkono bado, nikiinua mguu gari litateremka. Literemke liende wapi, akasema, limekwama kama jino! Watu wakacheka. Sikuinua mguu.

Lori la vyoo limefika. Wapagazi hawana pa kupita, wamekaa kwenye mdomo wa kichochoro, kila mmoja juu ya choo chake. Badruddin amekuja kunitazama kutoka nyuma. Akasema kwa upole kwamba ameshawapigia watu wa Kibarani, wako njiani, na wao hawachagui kipande.

Mumo amelala chini, amechungulia, ameinuka. Njia ni mbili tu. Akate bomba kwenye kona ya kwanza, gari lipite. Au akate kona ya baraza. Jamaldin amesema hii alijenga babu yake kwa mawe na chokaa, anayeikata aanze na goti lake. Nikamwahidi nitaijenga upya, nzuri zaidi, Maskati nilijenga baraza ya kasri zima. Akasema: "Maskati ulikuwa fundi wa mabomba au mwashi? Hebu amua wiki hii."

Halafu nikamwona Zahida.

Alefiya amempigia simu, naye amepanda tuktuk. Alikuja kati ya vyoo, ameshika pindo la rida lisiguse chini, viatu amevaa. Amesimama mbele ya boneti. Kupita hawezi. Kutoka siwezi.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Linatembea?"

"Limetembea kutoka stoo."

Hakucheka. Mumo akamweleza zile njia mbili. Akauliza bomba likikatwa gari linaenda? Mumo akasema linaenda mama, kelele tu.

"Basi likate. Nilisema aje nalo likitembea. Habari za bomba sikusema mimi."

Hajui. Ningemwambia: kiti kina nambari, usukani una nambari, hata nati za magurudumu zina nambari, mtu yeyote mwenye kile kitabu angeziunga. Hili nimelikunja kwa mkono wangu. Sikumwambia. Watu wote wanasikiliza, na mimi naandika.

Mumo amevuta umeme kutoka kwa kina Jamaldin, grenda iko mkononi. Ananiuliza bomba au jiwe. Hii ni mara ya pili. Jamaldin amekiondoa kikombe chake kitini, ila yeye hajaondoka. Huko barabarani nasikia sauti za watu wageni na mkokoteni unaokokotwa. Mguu wangu umekufa ganzi juu ya breki.

Nimemwambia Mumo angoje, naandika vipimo.

Zahida ameegemea boneti, anaitazama hii kalamu inavyokwenda. "Vipimo gani hivyo, Quresh," anasema, "vyenye maneno mengi hivyo?"