Draiva Inayonifaa Ni ya Mke Wangu

Bi Sainab, pole kwa kazi ya kusoma shida za watu. Mimi ni msomaji wako wa hapa Migori, nauza dawa za mifugo na watu huniita daktari, kila Alhamisi nakusoma na mara nyingi nawacheka wale wanaokuandikia, sasa leo zamu ni yangu na sina kicheko. Naomba unisaidie kabla kichwa hakijapasuka.

Shida yangu ilianza na draiva. Kama gofu huijui, draiva ni ile fimbo ndefu kuliko zote, yenye kichwa kikubwa, ndiyo unayopigia mpira wa kwanza kwenye kila shimo refu, na hapo watu wote wanakuwa wamesimama nyuma yako wanakuangalia, kwa hivyo ukiharibu umeharibu mbele ya kila mtu. Nina miaka hamsini na mbili, nacheza kwenye klabu yetu ndogo ya mashimo tisa, tena niko kwenye kamati, na kwa miaka minne mpira wangu wa kwanza umekuwa ukikata kulia na kuingia kwenye miwa ya jirani, hata wakata miwa wakiniona nakuja wanahama upande.

Nikaamua kutafuta draiva inayonifaa, na sikufanya mchezo, nilinunua daftari. Jumamosi tatu mfululizo niliazima draiva za watu, napiga mipira kumi kwa kila moja, naandika umeenda hatua ngapi, umeenda upande gani, na mlio ulikuwa vipi. Ya kapteni wetu, ambaye ni mrefu na aliwahi kuwa askari, ina mpini mgumu na uso uliosimama, nyuzi tisa tu, na mipira saba kati ya kumi ilienda kwa miwa. Ya pili ilikuwa nzito ikaniumiza bega. Ya tatu mpira ulitambaa chini kama nyoka. Ya nne sitaki hata kuizungumzia. Halafu akaja Zubair, mwalimu wa gofu kutoka Kisumu, amebeba mfuko wa draiva tisa na kamashine kadogo ka kupima mwendo wa fimbo, akanipima mbele ya watu, akaangalia kamashine, akaangalia mikono yangu, akasema mimi sina kasi, nahitaji mpini laini, mwepesi, na uso uliolala, nyuzi kumi na mbili, halafu akaenda kwenye mfuko wa mke wangu, ambaye alianza gofu miaka miwili baada yangu, akatoa draiva yake na kuniwekea mkononi.

"Daktari," akasema, "yako ni hii ya mama."

Watu walicheka, Bi Sainab. Kapteni alicheka mpaka akashikilia gari. Nikawaambia nitafikiria, na wiki iliyofuata nikanunua mpya kabisa, mpini mgumu, nyuzi tisa, sawa na ya kapteni, kwa sababu mwanamume mzima hawezi kusimama pale mbele na fimbo ya mama. Miezi sita nimepiga nayo, na miezi sita wakata miwa wamekuwa wakinirudishia mipira.

Mwishowe nikashindwa. Wanakamati tuna ufunguo wa stoo ambako mifuko inalala, basi Jumanne moja nikachukua draiva ya mke wangu kimya kimya, nikaenda nayo Macalder ambako nina ng'ombe, pembeni mwa mashimo ya wachimba dhahabu, mahali hakuna mtu wa gofu anayefika, nikapiga. Mpira ulienda moja kwa moja kama mtu aliyetumwa. Hatua mia mbili na kumi, nimezihesabu kwa miguu yangu. Nilikaa chini kwenye nyasi nikafurahi peke yangu, halafu nikakasirika peke yangu. Jumatano nikarudi, nikapiga mipira thelathini, na ule wa mwisho nikazungusha kwa nguvu, kichwa cha fimbo kikashuka chini zaidi kikagonga jiwe jeupe, maana pale udongo wote wachimbaji wameupindua na mawe yamejificha ndani ya nyasi. Kukawa na ufa chini, mwembamba kama unywele. Nikaupangusa, nikaivalisha draiva kofia yake ya sufu, Alhamisi nikairudisha stoo, nikajiambia ufa ule si kitu.

Jumamosi klabu yetu ilienda Homa Bay kushindana na wenyeji, mke wangu akiwa amechaguliwa kwa mara ya kwanza, na shimo la kwanza kabisa, watu wamejaa, akapiga, kichwa kikapasuka, kikalia kama sufuria iliyoanguka, mpira ukaenda hatua thelathini. Akamaliza kwa fimbo za kuazima na tukashindwa. Kapteni akasema hiyo ni kazi ya kedi wa mke wangu, yaani mbeba mfuko, mzee anayeitwa Mayaka ambaye yuko pale miaka kumi na tisa, kwa sababu Jumatatu ndiyo siku makedi wanaruhusiwa kucheza wenyewe na wengine huchukua fimbo za wenye mifuko bila kuuliza. Kamati ikamwita, akasema Jumatatu hakuigusa ila kuifuta, na aliiacha nzima. Kapteni akauliza nani anaunga mkono Mayaka afutwe kwenye ubao wa makedi, mikono minne ikainuka, halafu wangu, yeye akiwa amesimama pale mlangoni. Mimi sikuuinua sana.

Hayo yamepita. Ila wiki jana nilimkuta Mayaka kule Macalder akibeba magunia ya mawe kupeleka kwa mashine ya kusaga, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akanisalimia vizuri, akamuulizia mke wangu, halafu akasema, "Daktari, huku mawe ni mengi. Wewe mpira unapigia wapi?" Nikamwambia nimekuja kuchanja ng'ombe. Akasema sawa.

Mke wangu naye amekataa kupewa kedi mwingine, anabeba mfuko mwenyewe na mgongo wake si mzuri, na juzi mezani akaniuliza, mimi ninayezijua draiva, hivi kitu kama kile kinapasukaje chenyewe, nikamweleza karibu nusu saa habari za chuma na joto.

Sasa naomba unishauri. Nimnunulie draiva kama ile ile au nzuri zaidi, na je, nikinunua mbili zinazofanana, yangu nikaifunga tepu nyeusi isijulikane, kuna ubaya? Pia Ijumaa hii kamati inakutana kumwandika kedi mpya kwenye nafasi ya Mayaka, na baada ya hapo hawezi kurudi tena, sasa kuna njia arudishwe bila mimi kutajwa? Nimefikiria kumtumia gunia la mahindi kupitia mtu mwingine. Halafu kuna draiva za mpini wa katikati, si mgumu si laini, hizo sijazijaribu, na nahisi mojawapo ingemaliza haya yote.

Ijumaa inakaribia, Bi Sainab. Nijibu haraka.

Daktari, Migori

*

Daktari,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Umeniandikia kurasa sita. Draiva ya kapteni, draiva nzito, draiva ya nyoka, mpini huu, nyuzi zile. Katikati ya hizo fimbo zako kuna mtu amepoteza kazi ya miaka kumi na tisa, na ulipomfikia ukamwandikia mistari michache, ukaongeza kwamba hayo yamepita. Yamempita nani? Yeye bado anabeba mawe.

Wacha nimalize la draiva kwanza, maana naona bila hilo masikio yako hayatafunguka. Gofu siijui, mimi nimelelewa nyuma ya duka la vitambaa hapa Homa Bay. Lakini mwalimu alikupima akakwambia mpini laini. Daftari lako limekwambia. Umepiga mwenyewe ukahesabu hatua mia mbili na kumi kwa miguu yako. Sasa unangoja nani mwingine akwambie? Nunua ya mpini laini, usiifunge tepu, tumemaliza. Na mkeo mnunulie ile ile aliyokuwa nayo, maana yeye hakuwa na shida na fimbo yake mpaka ulipoishika wewe.

Kuchekwa kunauma, hilo nalijua na nakupa pole ya kweli. Mume wangu Dahir macho yamemchoka huu mwaka wa tano, miwani hataki, anajificha nyuma ya marobota anasoma gazeti kwa miwani yangu yenye maua pembeni. Nikiingia anaivua haraka. Mimi humwacha, kwa sababu miwani bado ni nzima na hakuna mtu aliyefukuzwa kazi kwa ajili yake. Hata wewe ungemwambia mkeo kwamba fimbo yake inakufaa, mngecheka wawili nyumbani kwenu na ingeishia hapo. Hata ule ufa, ungeusema Alhamisi, angekugombeza vizuri, kisha angeazima nyingine na kuizoea kabla ya kwenda kushindana. Ulikuwa na Alhamisi nzima na Ijumaa nzima, na ukakaa kimya ukamwacha asimame mbele ya watu na kitu ulichojua kimepasuka. Aibu uliyoikimbia wewe ukampa yeye aibebe, tena hajui hata imetoka wapi.

Lakini ule mkono, daktari. Ule mkono sina huruma nao hata kidogo. Unasema hukuuinua sana. Kura haina robo wala nusu. Uliuinua, na Mayaka alikuwa mlangoni akauona.

Na nikwambie kitu ambacho nadhani unakijua ila unakikwepa. Mayaka anajua. Mtu aliyefuta fimbo za watu miaka kumi na tisa anaitambua alama ya jiwe akiiona, na anajua mawe meupe yako wapi. Alipokuuliza mpira unapigia wapi, hakuwa anauliza. Alikuwa anakupa nafasi, tena mahali ambapo hakuna mwenzako wa klabu anayesikia, ili useme bila kuaibika. Amefukuzwa kwa kosa lako na bado anakutunzia heshima yako, wewe ukamjibu habari za ng'ombe. Nimeifunga barua hapo, nikatoka nje kupumua.

Sasa fanya hivi, na usinibadilishie.

Leo duka lifunge. Rudi nyumbani, mwambie mkeo kabla hajasoma hapa. Usianze na kasi ya mikono, usianze na Zubair, usianze na miwa. Anza na neno moja, kwamba ni wewe uliyeipasua, halafu nyamaza umwache aseme atakayosema. Atakuwa na mengi, na yote ni haki yake. Ile nusu saa ya chuma na joto nayo umwombe radhi, maana hapo ulimfanya mjinga mezani pake.

Kisha nenda Macalder, leo leo, kwa miguu yako mwenyewe. Usipige simu. Gunia la mahindi liache dukani, kwa sababu ukimtumia mahindi kupitia mtu mwingine utakuwa unanunua ukimya wake, na yeye huo amekupa bure. Mwambie ulilofanya, kuanzia ufunguo mpaka mkono. Akikutukana, simama hapo hapo. Asipotaka kurudi klabuni, ni juu yake, lakini akatae yeye, asikataliwe.

Kesho kwenye kamati usingoje kuulizwa. Sema kabla hawajamwandika mwingine, utake jina lake lirudi kwenye ubao siku hiyo hiyo, na Jumatatu, makedi wote wakiwa wamekuja kucheza, useme tena mbele yao kwamba ni wewe, maana walisikia akiitwa mwizi wa fimbo na hawakusikia lingine. Ukitolewa kwenye kamati, toka. Ufunguo wa stoo uache mezani, wewe hufai kuwa nao.

Unaniuliza kama kuna njia arudi bila wewe kutajwa. Haipo, na kama ingekuwepo nisingekuonyesha.

Hii barua imenifikia juzi na ningeweza kuijibu polepole, ila nimeisukuma ipite mbele ya nyingine zote. Leo ni Alhamisi, kamati yenu inakutana kesho, na gazeti hili najua linafika klabuni kwenu kabla ya chai ya saa nne. Jina lako sikuliandika, la mkeo nimelifuta, na la yule mwalimu wa Kisumu nimelibadilisha. La Mayaka nimeliacha lilivyo, kwa sababu yeye hana la kuficha.