Dakika za Kimuli

Tata,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini wewe ndiye baba uliyenilea hivyo, siwezi kuanza na neno jingine.

Hapa Omurushaka asubuhi ukungu bado unashuka mpaka barabarani, na basi la Bukoba hulioni mpaka limekufikia. Kabla wateja hawajaja kwenye kibanda changu cha chai, naitia saa yako ufunguo, nautazama ule mshale mwembamba, unaoanzishwa kwa kitufe cha juu, ukizunguka. Basi mimi ni mtoto tena, pembeni mwa uwanja wa Songambele, nawe umevaa kaptura nyeusi, filimbi mdomoni, mkono juu. "Saa haina kijiji," ulikuwa unasema. Kumbe watu wana vijiji.

Ile fainali ya Songambele na kijiji cha Kimuli siisahau. Ulipuliza filimbi ya mwisho mpira wao ukiwa hewani, ndipo ukaingia wavuni. Mzee Kaijage, kocha wao, rafiki yako mliyepata kipaimara pamoja, akasema mbele ya watu kwamba ulimpa fundi aifungue saa aiharakishe, kwa kuwa wewe ni mtu wa Songambele. Hamkunywa tena pombe ya rubisi pamoja. Hata kukuzika hakuja. Tata, lile liliniuma, linaniuma mpaka leo.

Sasa sikia. Mzungu mmoja anayefanya kazi kambini kwa wakimbizi alikuja kunywa chai, akaiacha ikapoa. Akanishika mkono, nikadhani ananiposa, mzee mzima! Kumbe anatazama saa. Yeye hukusanya saa za zamani. Akaniambia saa za vitufe viwili zipo nyingi, ila yenye kiduara kilichotiwa alama ya dakika arobaini na tano, kwa ajili ya mpira, zilitengenezwa chache. Uso wa saa uliogeuka rangi ya chai ya maziwa kwa jua letu, huo ndio wanaoutafuta, maana hakuna mtu awezaye kuutengeneza. Mishale ni ile ile. Kingo za kasha hazijasuguliwa. Nilipomwambia nataka kuipeleka ikang'arishwe, maskini, alishika kichwa.

Kisha akaigeuza, akaweka kioo cha kukuzia jichoni, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii hakuna mtu kufungua. Toka kiwandani, hakuna." Saa ambayo fundi hajaigusa, hiyo wenzake huiota usingizini.

Mimi nikayakumbuka maneno ya Kaijage, Tata. Alikuwa ameshatoa kifaa chake aifungue. Nikaifunika saa kwa kiganja. Nikamwambia hapana baba, hapa hufungui. Utaifungulia Kimuli.

Tulimkuta Kaijage uani anaanika kahawa. Amezeeka. Nikamwamkia, nikasema nimeleta saa, basi. Mgeni akaifungua mbele yake. Ndani kulikuwa kunang'aa kama imenunuliwa jana. Akamweleza kuwa fundi akigusa, bisibisi huacha mkwaruzo kwenye vichwa vya skrubu, na mfuniko nao huchunika. Akampa kile kioo. Mzee akautafuta mkwaruzo, Tata. Aliutafuta kwa bidii, mpaka jicho likatoa machozi. Hakuupata.

"Sasa nimwombe nani radhi?" akasema.

Nikamwambia yuko nyumbani, kule kwenye migomba.

Jumapili akaja na kibuyu cha rubisi, akaketi kando ya kaburi lako, akaniomba saa. Akabonyeza kitufe mwenyewe. "Zile dakika nilizosema umeniibia," akakwambia, "nimekuja tuzimalize." Nikawaachia nafasi. Nikiwa jikoni nilimsikia akicheka, kisha akilia, kisha akibishana nawe kuhusu lile goli! Nilicheka peke yangu, moshi machoni.

Mzungu bado ananibembeleza nimuuzie. Nimemwambia chai ipo, saa haipo. Nakuahidi, Tata, sitaiuza wala sitaing'arisha. Nitaivaa na uzee wake, na kila Kaijage akija nitaivua nimpe.

Lala salama sasa, mwamuzi wangu. Jumapili ile Kaijage alipoondoka alisahau kuusimamisha mshale. Nami sijausimamisha.

Mwanao,
Kokushubira