Mikono ya Kuazima

Kwako Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ugenini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mama amepata usingizi wiki hii na mgongo wake haujachubuka tena. Mimi ni mzima wa afya, ila nimechoka, Dada. Nimechoka mpaka kwenye kope. Barua hii nampa mwenzetu mmoja anayetangulia kesho kwa sababu ya mtihani, kwa hiyo itafika kabla yangu.

Misheni yetu iko ukingoni. Wanafunzi tuliokuja tukiimba njia nzima sasa tunagombania ndoo ya kufulia. Sauti zimekauka kwa mikutano ya hadhara, na darasa tulilojenga limebaki kupakwa rangi upande mmoja tu, lakini hakuna anayetaka kushika brashi. Tunalala kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya magodoro yaliyobonyea katikati, na kila asubuhi kuna mtu anaamka na kuvaa soksi za mwenzake. Lugha tunaelewana na wenyeji, ila matamshi yetu yanawavunja mbavu.

Kazi yangu, kama nilivyokudokeza, ni kutembelea wagonjwa. Nilipangiwa bibi mmoja aliyepooza, anayeishi na binti yake, fundi cherehani, nyuma ya kanisa. Mwanzoni nilikwenda kuomba naye tu. Siku moja fundi alikuwa na nguo za harusi za kumalizia, akaniuliza kama naweza kumwogesha bibi. Nikakunja mikono ya blauzi. Tangu hapo hiyo ndiyo imekuwa kazi yangu: kumgeuza ubavu, kumkanda miguu kwa mafuta, kubadili shuka huku yeye akiwa juu yake, vile vile ulivyokuwa ukimfanyia mama, nami nikichungulia mlangoni. Najua umefika hapo ukaguna. Guna tu, unayo haki.

Kumbe sifa zilikuwa zinasambaa. Jumapili iliyopita mchungaji wa hapa alinisimamisha mbele ya watu, akasema Mungu amenipa mikono ya huruma, akaniomba nibaki mwaka mmoja niwahudumie wagonjwa wao. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Dada, nilikubali. Nilisema ndiyo mbele ya kanisa zima, huku nikijua fika tulipatana kwamba nikirudi ni zamu yangu kwa mama, nawe ufunge ndoa na shemeji, ambaye amesubiri mpaka ndugu zake wameanza kumtania.

Usiitupe barua, nisikilize kwanza. Si wito ulionisimamisha pale. Ni woga. Huyu bibi akilia kwa maumivu, namfuta machozi, namwombea, kisha naondoka kwenda kula na wenzangu. Mama akilia, sina pa kwenda. Zile jioni nilizokuaga kwamba nina mazoezi ya kwaya, mara nyingi nilikuwa nakaa tu kwenye ngazi za kanisa mpaka nijue umeshamaliza kumwogesha. Mgongo ule ulinibeba, Dada. Nilishindwa kuuona umekuwa vile. Naona haya kuandika, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatatu, nikimsugua bibi, nilimpasha habari kwamba nabaki. Nilitegemea atafurahi. Akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yu hai, naye yuko kitandani kama yeye. Akauliza nani anamwogesha. Nikasema dada yangu. Akauliza tumezaliwa wangapi, nikajibu wawili tu. Kisha akaniagiza nikuletee shukrani zake. Alisema siku zote hizi amekuwa akilishukuru kanisa, kumbe aliyemwazima mikono hii ni wewe, tena hakuna hata aliyekuomba ruhusa.

Nilimaliza kumvisha, nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji kumwambia sibaki. Alisikitika sana. Kiongozi wetu amenuna, anasema nimelitia kundi aibu, na wenzangu wamenibandika jina la Kigeugeu. Waache waseme. Fundi aliposikia alizima cherehani, akaja tukambadilishia bibi shuka pamoja, ili naye azoee kufanya kama mkono wangu ulivyokuwa ukifanya.

Msafara wetu unaingia Jumamosi asubuhi. Nasikia kanisa letu linaandaa kwaya ya kutupokea kituoni. Usije huko, mimi mwenyewe sitakaa kuimba. Bado naogopa, Dada, sikudanganyi. Huenda nikalia, huenda mama akanicheka.

Msalimie sana shemeji, mwambie sasa aanze kuulizia tarehe. Mama mpe pole yangu, wala usimsomee barua yote. Na Jumamosi chemsha maji tu, uyaache jikoni. Usimwogeshe mama. Nisubiri.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba