Mama Mkwe Aliyeongea na Kamera Mdomoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba hii haijawaka moto, maana mama mkwe wangu, ninayemheshimu na Mungu anajua, hana jino hata moja chini, akawekewa vipandikizi vinne, vile vyuma vya kushikilia meno mapya, na siku ya vipimo daktari, kijana mpole, akasema yeye hang'atishi mtu lile donge la zamani la kuchukulia umbo la mdomo, anapitisha kamera ndogo mdomoni, inapiga picha nyingi na kompyuta inaziunga, ila akamsihi, "Mama, usiongee, na ulimi utulie," basi hapo ndipo mama akakumbuka mambo yote ya dunia. Mdomo wazi, kamera ndani, ananiuliza kama nimeanua nguo! "Mama, tafadhali," daktari anabembeleza. "Siongei na wewe, mwanangu, endelea na kazi yako." Na mimi pale pembeni, kwa adabu, naitikia, "Ndiyo mama, nimeanua mama," mpaka habari za mapazia tukazimaliza.

Sasa meno yamekuja, yakikaa upande huu yananyanyuka upande ule, kama meza mbovu. Daktari kwa aibu ya kumkosoa mtu mzima anasema huenda kosa ni lake, mama anamwamrisha akaze skrubu kwa nguvu, yatakaa tu, na baada ya ibada amewatangazia kina mama wote kwamba yule ni tapeli mwenye kamera ya kuchezea. Wagonjwa wameanza kumkimbia. Nikisema ukweli nimemuaibisha mama wa mume wangu, nikinyamaza namwangamiza mtoto wa mwenzangu. Nasali, jibu silioni.

Mkwe mwenye mashaka

Dada yangu, pole, lakini jibu unalo, unaliogopa tu.

Kamera ile si ya kuchezea. Kwa jino moja au mawili inapima vizuri sana. Kwenye taya tupu ndipo pagumu: fizi inafanana huku na huku, picha zinaungwa moja baada ya nyingine, na kosa dogo la mwanzo linakua njia nzima. Ulimi nao ukicheza, unategemea nini?

Na usijitoe lawamani! Mama aliuliza kwa sababu alikuwepo wa kumjibu. Adabu gani hiyo, kujadili mapazia na mtu mwenye chombo mdomoni?

Nenda kwa daktari, mweleze. Skrubu zisikazwe kwa nguvu, maana meno ya kulazimishwa yatakuja kulegea au kuvunjika. Apime upya, kisha ahakikishe na kwa lile donge kabla fundi wa meno hajatengeneza chochote. Halafu simama mbele ya kina mama wale wale useme mlimpigia soga daktari akiwa kazini, na wewe ukiwa wa kwanza kujitaja.

Mama mkwe atanuna, hatasema na mtu. Ndiyo nafasi yenyewe. Mpeleke kwenye kamera siku hiyo hiyo, kabla hajakusamehe.