Mdomo wa Foronya

Kangemi, 3 Juni 2024

Mwanangu Mwongeli,

Habari za huko? Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha ngazi ninazopanda na mashuka kazini kwa Mama Jackie kule Loresho. Unakula? Kwenye picha shingo imekuwa nyembamba.

Jina la kisiwa chako cha Ugiriki limenichekesha. Yule mzee Mhindi niliyemfanyia kazi Westlands kabla hujazaliwa alipima njia kwa kos. Kwao, alisema, kos moja ni mwendo ambao mtu akiita, wa upande wa pili anasikia. Kutoka kwake mpaka Kangemi alihesabu kos mbili. Na wewe uko hukohuko Kos, lakini hata nikipasua koo hunisikii.

Sasa sikia. Mama Jackie anakuja likizo huko mwezi ujao, na hoteli yenu ameichagua kwa sababu yako. Nimemwambia yule msichana mrefu wa mapokezi, mwenye koti la bluu, ni wangu. Nimekusukia kiondo, atakuletea.

Mama yako

Kos, 6 Juni 2024

Mama mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, ni joto tu.

Tafadhali mwambie Mama Jackie asihangaike kuniulizia. Zamu zetu hubadilika, huenda nisiwepo. Kiondo nitakichukua nikirudi. Na usinisifu sana kwa watu, mama. Naona haya.

Mwanao

Kangemi, 15 Julai 2024

Mwongeli,

U mzima? Mimi ni mzima wa mwili.

Mama Jackie amerudi. Aliniketisha jikoni kwake akasema, "Mama Mwongeli, hapo reception hawamjui. Lakini kitanda changu kilikuwa kinatandikwa vile wewe hutandika. Kona zimekunjwa, mdomo wa foronya umeangalia dirisha, si mlango. Nikajua ni msichana wetu."

Alikuona ukisukuma kigari cha mashuka. Akakuita kwa jina. Ulisimama, kisha ukaingia chumba cha karibu ukafunga mlango. Kiondo akakiacha kitandani.

Nimeaibika. Kina mama wa kanisa wote wanajua habari za koti la bluu. Lakini hilo litapita. Lisilopita ni hili: nimetandika vitanda vya watu tangu kabla hujazaliwa, na kwa vitanda hivyo ulisoma. Kumbe kwako ni kazi ya kufichwa, tena nifichwe mimi. Nimejiuliza, shuleni ulipoulizwa mama yako anafanya nini, ulikuwa ukijibu nini?

Mama

Kos, 1 Agosti 2024

Mama,

Hali yako sina uso wa kuiuliza. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Swali lako unajua jibu lake, ndiyo maana umeuliza.

Leo mwenzangu mpya kazini ametaka kujua nani alinifunza kugeuza foronya. Nikamwambia ni mama yangu, hiyo ndiyo kazi yake Nairobi.

Jumapili baada ya ibada nipigie kwa video, ukiwa na hao kina mama. Nitakuwa zamu, nimevaa aproni. Niite mbele yao. Safari hii nitaitika.

Mwanao

Kangemi, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Umeshindaje? Umekula?

Najua ulingoja. Ibada ilipoisha walinizunguka, Mama Mbithi na wenzake, wakauliza, "Na yule wetu wa Ulaya, anaendelea?" Nikatoa simu. Jina lako likawa hapo, kidole changu juu yake. Nikasema mtandao ni mbaya, nikairudisha kwenye mkoba.

Nimetembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu. Nilikukemea kwa maneno makali, na kumbe aibu hiyo hukuiokota njiani. Nilikulisha mimi, kila niliposema usome usije ukawa kama mimi. Nilidhani nakupenda, na nilikuwa nakupenda.

Nisamehe. Jumapili ijayo nitajaribu tena. Usiivue aproni.

Mama yako