Alama ya Kutoa

Dehradun, 9 Novemba

Kaka Mahidhar,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua cha mama kiwe kimeacha kumbana tangu baridi ianze huko Pauri. Mimi mwili hauna neno. Ulezi aliotuma wifi Kusum ulifika, nakula mikate yake kila asubuhi.

Meza yako ya kung'arishia vioo wamempa fundi kutoka Roorkee. Kwa kuwa anavaa glavu, wenzetu wanamwita Daktari. Aliuliza ni nani aliyekuwa akitunza lami ya kusugulia vioo safi namna ile.

Wiki iliyopita Bwana Uniyal, mkuu wetu, aliniagiza nitengeneze hesabu za kioo kingine cha darubini, pacha wa kile chako. Nikafungua faili la zamani. Unajua kioo kikilazwa hulegea kidogo kwa uzito wake. Kompyuta hukisia ulegevu huo, nasi tunautoa kwenye kipimo ili tuone umbo lenyewe. Kaka, mimi niliujumlisha. Alama moja tu. Kwa miezi minne nilikuletea ramani zenye vilima visivyokuwepo, nawe ukavisugua.

Nakumbuka uliniambia, "Bimla, mkono unakataa. Hapa pamekwisha, tunakula kioo bure." Nikakucheka mbele ya watu, nikasema mkono wako umezeeka, mashine haizeeki. Ukarudi kusugua. Kioo kilipopandishwa mlimani nyota zikatoka zimevimba, na kamati ya uchunguzi ikaandika kwamba fundi alipitiliza.

Nimeandika wiki iliyopita. Si kweli. Niliiona alama ile mwezi Machi, siku kumi na moja kabla kamati haijakaa. Nilikuwa ndani ya chumba kile walipokuuliza kama una la kusema, ukasema huna, ukanitazama. Nilikuwa na karatasi ya hesabu hiyo kwenye mkoba. Wifi aliponiuliza mlangoni kama kweli kosa ni lako, nilimwambia vioo ni kazi ngumu.

Jana nilimpelekea Bwana Uniyal karatasi hiyo. Aliisoma mara mbili, akanirudishia. Akasema kioo kimeshapakwa alumini, ripoti ina saini za wizara, na wewe umeshaondoka. "Sasa unataka nifanye nini, mama? Rudi kazini." Nikarudi. Nimejaribu kila hesabu ninayoijua, na hakuna inayorudisha kioo kilichosuguliwa. Nasikia hata miwani ya mama umekataa kuifuta.

Naambatisha nakala, yenye jina langu na tarehe ya Machi. Ukitaka ipeleke magazetini, ukitaka ichome. Ila wifi msomee. Mimi nilijaribu kumpigia simu, alipoitikia nikamuuliza habari za ng'ombe.

Msalimie mama, usimwambie bado. Wasalimie watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Bimla Naithani